Nauli ya Habari na Fundisho la Mraru

Mraru ni kijiji cha Utaita, si mbali na mji wa Voi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanawake wa huko walikuwa na dhiki moja kubwa: kufika sokoni Voi. Mabasi yalipita, lakini aghalabu yalifika pale yamekwisha kujaa, na penye kugombea nafasi mwenye nguvu ndiye apandaye. Wanawake hao hawakudandia basi la mtu, wala hawakumvizia utingo wapenye bila kulipa. Walichanga kidogo kidogo, wakaongeza na fedha za kukopa, na mwaka 1975 wakawa na basi lao wenyewe. Baadaye wakafungua na duka. Mwaka 1980 habari yao ilichapishwa katika kijitabu huko New York, wakasomwa na watu wasioijua hata njia ya Voi.

Tumelikumbusha basi hilo kwa kuwa leo iko safari nyingine yenye ubishi wa nauli, nayo ni safari ya habari.

Zamani jambo lilikuwa jepesi. Mtu alinunua gazeti lake, akalipeleka barazani, akalisoma kwa sauti, na wasiokuwa na senti wakapata habari pamoja na kahawa. Magazeti yalipohamia kwenye intaneti, mengi yalitolewa bure kwa kutumaini fedha za matangazo. Lakini matangazo yakakimbilia kwa makampuni makubwa kama Google na Facebook, na wenye magazeti wakabaki wanatazamana. Ndipo zilipozidi kuta za malipo. The Times ya London ilijenga wake mwaka 2010, The New York Times ikafuata mwaka 2011, na hapa kwetu Kenya kampuni ya Nation ilianza kutoza mwanzoni mwa mwaka 2021. Msomaji huonyeshwa mistari michache, kisha akaambiwa: lipa, ndipo uendelee.

Basi penye ukuta hapakosi mwenye ngazi. Zimetungwa programu za kuuruka ukuta huo, na siri yake si uchawi. Magazeti mengine huhesabu idadi ya makala uliyosoma kwa kuweka alama ndogo katika simu au kompyuta yako; programu huifuta alama, nawe ukaonekana mgeni kila siku. Mengine huleta makala nzima na kuishushia pazia juu yake. Programu hulizuia pazia lisishuke. Mengine tena huwaachia mlango wazi watumishi wa Google ili makala zipate kuorodheshwa. Programu hujivika kanzu ya mtumishi huyo ikaingia. Gazeti linaloificha makala kwake mpaka malipo yafike, hilo halirukwi kirahisi.

Wenye magazeti hawakunyamaza. Agosti 2024 chama cha wachapishaji wa Marekani, News/Media Alliance, kiliishitaki kwa GitHub programu mashuhuri iitwayo Bypass Paywalls Clean, ikaondolewa pamoja na maelfu ya nakala zake. Julai 2025 ikafungwa tovuti ya 12ft.io, ambayo jina lake lenyewe ni ngazi ya futi 12. Kwetu Kenya ngazi aghalabu ni WhatsApp: mtu mmoja hulipa, kisha gazeti zima likarushwa asubuhi kundi hadi kundi, na aliyeliandika hapati hata ahsante.

Ukiwasikiliza wabishi utawaona mafungu mawili. Fungu la kwanza lasema: habari ni haki ya raia. Uongo hutolewa bure mchana na usiku, ukweli ukitiwa kufuli maskini atakula nini ila uongo? Hoja hii si ya kudharauliwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mkulima wa Utaita anayetaka kujua lini mvua itaanza, au ndovu wa Tsavo wameelekea wapi, hana fedha za kulipia magazeti matatu.

Fungu la pili lauliza: na huyo aliyeifuata habari ya ndovu hadi shambani, alilipa nauli kwa nini? Alikesha kwa mafuta ya nani? Katika miaka ya karibuni mashirika ya habari ya Kenya yamepunguza wafanyakazi mara kwa mara. Na kalamu ikipunguzwa, haianzi kupunguzwa ya siasa za Nairobi. Huanza ya mwandishi wa pembeni, wa Voi, wa Lamu, wa Tana. Anayeuruka ukuta kwa kumtetea maskini huenda akamnyima maskini huyo mtu wa pekee aliyekuwa akimwandikia.

Kwa sisi Waislamu suala hili lina sura nyingine. Wako wasemao ilimu haifichwi, na kuificha ni dhambi. Ni kweli, lakini mwalimu wa chuoni hafichi Kurani akipokea ada. Wazazi wamejua tangu kale kuwa mwalimu naye ana watoto. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, lililokutana Kuwait Desemba 1988, lilipitisha kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni mali inayolindwa na sharia, wala haijuzu kuivamia. Wako wanavyuoni waliosema haki ya namna hiyo si kitu cha kuuzwa, na maneno yao yanaheshimiwa. Lakini azimio la Kuwait lina uzito wake.

Sheria ya nchi nayo imetofautisha vizuri. Mkataba wa Berne, ulioasisiwa mwaka 1886 na ambao Kenya ni mwanachama wake, hauzilindi habari za siku kwa kuwa ni habari tu. Kuwa daraja limevunjika Voi, hilo halina mwenyewe. Lisome, limweleze jirani, litangaze msikitini. Kilicho na mwenyewe ni maandishi: jinsi yalivyopangwa na jasho lililomo. Na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inagusa hata kitendo cha kuvunja kinga ya kiufundi iliyowekwa kulinda kazi ya mtu.

Kwa hiyo anayesoma kwa haki kisha akawasimulia wenzake barazani hajamdhulumu mtu. Anayevunja kufuli, au kurusha gazeti zima kwa watu mia, huyo amepanda basi kwa dirishani. Naye ajihadhari, maana programu nyingine huomba ruhusa ya kuona kila ukurasa unaoufungua, hata wa benki. Rahisi huwa ghali.

Lakini haki haiendi upande mmoja. Mwenye basi hapandishi nauli hata mbeba mboga ashindwe, kisha akalalamika watu wanadandia. Habari za maradhi, mafuriko na usalama ziwe wazi kwa wote, kama magazeti mengi yalivyofanya mwaka 2020 wakati wa Korona. Bei iwe ya siku moja, ya kulipika kwa M-Pesa, kwa asiyeweza ya mwezi. Maktaba na shule ziuziwe kwa bei ya jumla, wanafunzi wasome bila kuiba.

Na sisi wasomaji tusingoje mpaka wao waamke. Tunachanga kwa arusi, tunachanga kwa mazishi, tunachanga kujenga madrasa. Wanabaraza kumi wakichanga, mmoja wao atajiandikisha kwa haki na kuwasomea wenzake jioni, kama wazee wetu walivyosomeana gazeti la karatasi. Haba na haba hujaza kibaba. Wanawake wa Mraru hawakuwa matajiri walipoanza kuchanga, na basi lilipatikana.