Mtoto Akisomea Nyumbani: Tumchagulie Mtaala Gani?



Katika toleo hili tunazungumzia jambo ambalo wazazi wa Majengo wamekuwa wakituuliza, iwe wamekuja ofisini au sisi tumewatembelea nyumbani. Jambo lenyewe ni hili: mtoto wa umri wa shule ya msingi ambaye hawezi kufika shuleni afundishwe nini nyumbani, na mzazi achague mtaala kwa njia gani?

Sote tunakumbuka mwaka 2020. Shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi mpaka tarehe 4 Januari 2021. Kila nyumba iligeuka darasa. Watoto walisikiliza masomo kwenye redio ya KBC, na wazazi wakajionea kwamba kufundisha si mchezo. Halafu shule zikafunguliwa na wengi wakapumua. Lakini wako watoto ambao siku hiyo hawakurudi popote, kwa sababu hata kabla ya korona hawakuwa wakienda shule. Hao ni watoto wenye mtindio wa ubongo mkali, usonji, au ulemavu zaidi ya mmoja. Makala haya yanawahusu hao kwanza. Hata hivyo, mzazi anayefikiria kumfundisha mtoto nyumbani kwa sababu nyingine naye atapata la kujifunza.

MAMA NA SANDUKU LA VITABU

Siku moja mama mmoja alinipigia simu, akasema, "Madam, kuja uone kitu nimenunua." Nilipofika nikakuta sanduku limejaa vitabu vidogo vya rangi, vya Kiingereza, kutoka nje ya nchi. Alikuwa amevinunua kwa pesa yake ya chama kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama. Kijana wake alikuwa na miaka minane. Ana mtindio wa ubongo, hatembei, na maneno yake yanaeleweka na watu wa nyumbani tu. Zamani mama alikuwa akimbeba mgongoni mpaka shuleni, lakini mtoto amekua mzito, na mvua ikinyesha njia yote ni matope.

"Nimeambiwa na hivi vitabu mtoto anajifundisha mwenyewe," akaniambia.

Nikafungua kimoja. Kilimtaka mtoto aandike majibu kwa penseli, na picha zake zilikuwa za watoto wakicheza kwenye theluji. Kijana hakuwa amewahi kushika penseli. Nikamwambia mama aviweke kando. Kwa vile vitabu nilikuwa sahihi. Lakini mbele mtaona nilipokosea mimi.

KWANZA TUJUE SHERIA

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa. Mzazi asiyetimiza wajibu huo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mwaka 2021 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikataa ombi la wazazi waliotaka haki ya kuwafundisha watoto wao nyumbani itambuliwe. Kwa hivyo mzazi asidhani anaweza kumtoa mtoto shuleni hivi hivi na kununua vitabu, basi imeisha.

Kwa mtoto mwenye ulemavu mambo ni tofauti kidogo. Sera ya serikali ya mwaka 2018 kuhusu elimu ya wanafunzi wenye ulemavu inatambua elimu ya nyumbani kwa wale ambao hali yao haiwaruhusu kufika shuleni. Lakini hiyo haimaanishi mtoto afungiwe ndani. Aandikishwe kwenye shule iliyo karibu, ajulikane kwa jina, na mwalimu ajue anaendeleaje.

Tena tusikimbilie nyumbani kabla ya kuuliza kama kuna shule inayomfaa. Mtoto asiyesikia au asiyeona hana sababu ya kukaa nyumbani. Kule Meru kuna Shule ya Viziwi ya Kaaga, na Igoji kuna Shule ya Wasioona ya Mtakatifu Lucia.

ANZA NA MTOTO, SI VITABU

Wazazi wengi huanza kwa kuuliza, "Ninunue vitabu gani?" Hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni, "Mtoto wangu anaweza nini sasa?"

Jibu lake hupatikana kwenye kituo cha tathmini ya elimu, kile tunachokiita EARC. Vituo hivi vilianza nchini mwaka 1984 kwa msaada wa watu wa Denmark, na siku hizi viko chini ya Wizara ya Elimu. Uliza katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, au mwalimu mkuu wa shule ya karibu atakuelekeza. Huko mtoto hupimwa kusikia, kuona, kuelewa na kutumia viungo. Nenda na kadi ya kliniki na karatasi zote za hospitali. Na usiogope kusema yale unayoyaona nyumbani, maana mtoto anaweza kunyamaza kabisa mbele ya mgeni.

NJIA MBILI ZA MTAALA WETU

Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika mwaka 2019 una njia mbili. Wazazi wengi wanaijua moja tu.

Ya kwanza ni njia ya umri. Ndiyo hii ya watoto wengi: chekechea miaka miwili, kisha Gredi ya 1 kuendelea. Mtoto mwenye ulemavu wa viungo ambaye akili yake inafuata masomo anafaa kuwa hapa. Atafanya Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Dini na mengine kama wenzake, ila njia ya kujibu itabadilishwa kulingana na uwezo wake.

Ya pili ni njia ya hatua. Hii ni ya watoto wenye ulemavu mkali wa akili, au ulemavu mwingi kwa pamoja. Haina gredi. Ina hatua ya msingi, ya kati, na zile za kumwandaa mtoto kwa ufundi. Mtoto hufundishwa shughuli za kila siku kama kula, kuvaa na kwenda choo. Hufundishwa pia mawasiliano, matumizi ya viungo na milango ya fahamu, kutembea na kujua mahali alipo, na dini. Huvuka hatua akiwa tayari, hata kama umri umepita.

Miongozo ya njia zote mbili imetolewa na Taasisi ya Kukuza Mitaala, yaani KICD, na inapatikana bure kwenye tovuti yake. Anayetaka kununua vitabu aangalie kwanza kama vimo kwenye orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa, ile inayoitwa Orange Book.

NILIPOKOSEA

Sasa turudi kwa yule kijana. Tarehe ya tathmini ilikuwa mbali, na mimi nilitaka tuanze mara moja. Nikamwangalia, nikaona haongei wala hashiki kitu, nikampangia njia ya hatua mimi mwenyewe. Kwa karibu mwaka mzima mama alimfundisha kushika kijiko na kuinua mikono wakati wa kuvalishwa. Hayo si mabaya, na alijifunza. Ile tarehe ya tathmini ikapita, na mimi sikuifuatilia.

Jioni moja dada yake alikuwa akifanya kazi ya shule ya kujumlisha, akikosea. Kila akikosea kijana anacheka. Dada akamwambia kwa hasira, "Basi sema wewe!" Kijana akageuza macho kwenye kalenda iliyokuwa ukutani, akakazia namba 12. Swali lilikuwa 7 na 5. Wakamjaribu tena na tena, na kila mara macho yalikwenda mahali pake. Mtoto alikuwa amejifunza hesabu akiwa amelala kwenye mkeka, akisikiliza wenzake.

Tulipompeleka kwenye tathmini tukaambiwa wazi kwamba akili yake iko sawa, mwili tu ndio haumtii. Mtindio wa ubongo ni hali ya misuli na mwendo, na si lazima akili iguswe. Mimi nilifundishwa hilo chuoni, na bado nilimpima kwa macho tu. Mama alikuwa ameona kwamba mwanawe anaweza kusoma. Alikosea vitabu tu. Mimi nilikosea mtoto. Mwaka ule haurudi, na nilimwomba mama msamaha.

Nayaandika haya kwa sababu kosa hili lina pande mbili. Mwingine anamlazimisha mtoto vitabu vya Gredi ya 3 wakati bado hajui kwenda choo, na mtoto anachapwa bure. Mwingine anamnyima mtoto herufi na namba kwa sababu tu haongei. Wote wawili wamechagua mtaala bila kumjua mtoto.

NA VITABU VYA NJE?

Tunaulizwa pia kuhusu mitaala ya nje. Huo wa vitabu vidogo, ACE, ulianzia Texas, Marekani, mwaka 1970. Mtoto husoma kitabu kimoja kimoja kwa kasi yake, na hufanya mtihani kabla ya kuanza kingine. Kuna pia mtaala wa Cambridge wa Uingereza. Si mibaya. Lakini kabla hujatoa pesa ya chama jiulize haya:

1. Nitaweza kununua vitabu vya mwaka ujao pia, au ni sanduku hili moja tu?
2. Mtoto akipona au tukipata kiti cha magurudumu, ataweza kuingia shule ya karibu bila kuanza upya?
3. Mitihani yake inafanyiwa wapi, na ada yake nitaimudu?
4. Ni nani nyumbani anaelewa Kiingereza hicho vizuri kiasi cha kumsaidia?

Kwa familia nyingi za Majengo, majibu ya maswali hayo yanaturudisha kwenye mtaala wa hapa nyumbani, ambao mwalimu wa jirani anaujua na vitabu vyake vinaweza kuazimwa.

JINSI YA KUANZA

Usijaribu siku nzima. Kipindi cha madarasa ya chini huwa cha dakika 30, na kwa mtoto anayechoka haraka hata dakika 10 zinatosha, kisha apumzike. Chagua saa ambayo ameshiba na hana usingizi. Tumia lugha mnayoongea nyumbani, kwani hata shuleni madarasa ya chini yanatakiwa kufundishwa kwa lugha ya mahali.

Vifaa viko jikoni. Kutenganisha mahindi na maharagwe ya githeri ni somo la kupanga vitu, na mtoto asiyeweza kushika anaweza kuonyesha kwa macho. Namba kubwa zilizoandikwa kwenye katoni zinatosha kujibu hesabu.

Kwa kazi ya mikono, igawe vipande vidogo na uanzie mwisho. Kwa mfano kuvaa fulana: mvalishe yote, umwachie kuivuta chini tu. Akiweza hilo, mwachie mkono mmoja pia. Hivyo kila siku anamaliza kazi yeye mwenyewe na anafurahi.

Uwe na daftari. Andika tarehe, ulichofundisha, na alichofanya bila msaada. Kila mwisho wa muhula mpelekee mwalimu daftari hilo, mkae mwone kama njia mliyochagua bado inamfaa. Kama kuna shaka, rudini kwenye tathmini.

Yule kijana sasa ameandikishwa shule ya jirani, yuko Gredi ya 2. Mwalimu humtumia kazi kupitia kwa dada yake, na siku za jua vijana wa jumuiya humsukuma kwa kiti mpaka darasani. Vitabu vya sandukuni bado viko. Juzi alimwonyesha mama yake kwa macho kwamba anataka kimoja, kile cha theluji, asomewe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika jumuiya yetu, ni nyumba gani yenye mtoto wa umri wa shule ambaye hatumwoni? Nani atakwenda kumsalimia wiki hii?
2. Je, mtoto huyo amewahi kufanyiwa tathmini? Kama hajafanyiwa, anahitaji nini ili afike: nauli, mtu wa kumbeba, au mtu wa kubaki na wadogo zake?
3. Ni kazi gani ndogo ambayo vijana wetu wanaweza kumsaidia mama anayefundisha nyumbani?

Mwenye swali au mtoto wa aina hii asione haya. Aje ofisini parokiani, au amwambie kiongozi wa jumuiya yake, nasi tutafika. Mungu awabariki.