Drogba na Vita vya Kodivaa

Tarehe 8 Oktoba 2005, katika chumba cha wachezaji huko Omdurman, nchini Sudan, timu ya taifa ya Kodivaa ilipiga magoti mbele ya kamera ya televisheni. Ilikuwa imekwisha kuifunga Sudan mabao 3 kwa 1 na kupata, kwa mara ya kwanza, nafasi ya kucheza Kombe la Dunia. Mshambuliaji wake mashuhuri, Didier Drogba, hakuutumia wakati huo kujisifu. Aliwasihi wananchi wenzake wasameheane, waweke silaha chini, na uchaguzi ufanyike.

Kodivaa wakati huo ilikuwa nchi moja yenye majeshi mawili. Maasi yaliyoanzishwa na baadhi ya askari tarehe 19 Septemba 2002 yalikuwa yameigawa: serikali ikishika kusini, waasi wakishika kaskazini, makao yao yakiwa mji wa Bouaké. Drogba ni Mbete, kabila la Rais Laurent Gbagbo. Lakini mwenzake katika timu, Kolo Touré, ni mzaliwa wa Bouaké. Askari wa pande zote mbili waliokuwa wakilindana kwa bunduki walikuwa wakiishangilia timu ile ile.

Umaarufu huo haukuja upesi. Drogba alizaliwa Abidjan mwaka 1978, akapelekwa Ufaransa akiwa na umri wa miaka 5, kwa mjomba wake aliyekuwa mchezaji kandanda. Alikuwa na miaka 21 alipotia sahihi mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, katika klabu ya Le Mans. Mwaka 2004 alitoka Marseille akaenda Chelsea ya Uingereza. Nyumbani alipendwa hata chupa kubwa ya bia ikaitwa Drogba, kwa sababu ya nguvu zake.

Mwaka 2007 aliomba jambo zito zaidi: mechi ya taifa dhidi ya Madagascar ichezwe Bouaké kwenyewe. Tarehe 3 Juni ikachezwa, katika uwanja ambao, kwa bahati, huitwa Uwanja wa Amani. Kodivaa ilishinda mabao 5 kwa 0, na bao la mwisho akalifunga Drogba.

Wapo wasemao kuwa mchezaji huyu ndiye aliyezima vita. Hayo yamepita kiasi. Mapatano yalitiwa sahihi Ouagadougou tarehe 4 Machi 2007, baina ya Gbagbo na kiongozi wa waasi, Guillaume Soro. Kandanda iliwasaidia wananchi kuyaamini. Na baada ya uchaguzi wa mwaka 2010 bunduki zililia tena, wakafa watu wapatao 3,000. Mwaka 2011 Drogba aliingizwa katika tume ya ukweli na upatanishi.

Mwaka 2022 aligombea urais wa chama cha kandanda cha nchi yake. Wapiga kura, ambao ni viongozi wa klabu wala si mashabiki, walimwangusha katika duru ya kwanza.