Aspirini Kabla ya Tumbo Kuonekana

Hesabu ya mimba huanza kabla mimba yenyewe haijatunga. Muuguzi huuliza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho na kuhesabu kutoka hapo, kwa hiyo mwanamke aliyekosa hedhi moja tu tayari ameandikiwa wiki 4. Akikosa ya pili, ana wiki 8. Yule anayengoja ya tatu ipite ndipo aamini, au ndipo amwambie mumewe, amefika wiki ya 12. Kufikia hapo wajawazito wengi nchini Kenya bado hawajakanyaga kliniki. Tumbo halijaonekana, na kwa mfanyakazi wa kiwandani Thika au muuza mboga wa Githurai, siku ya foleni ni siku bila mapato.

Wiki hiyo ya 12 ndiyo inayofaa zaidi kuanza kumeza kidonge ambacho ni miongoni mwa dawa za bei ya chini kabisa duniani. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani (WHO) limependekeza kwamba mjamzito aliye katika hatari kubwa ya kupata priklampsia, yaani hali inayotangulia kifafa cha mimba, apewe miligramu 75 za aspirini kila siku. Aanze kabla ya wiki ya 20, na ikiwezekana katika wiki ya 12.

Priklampsia hugunduliwa baada ya wiki ya 20, presha inapofika 140/90 au zaidi na mkojo kuonyesha protini, au figo, ini na viungo vingine kuanza kuelemewa. Mama huenda asihisi chochote. Wengine huumwa na kichwa kisichosikia dawa, huona maluweluwe, huvimba uso na mikono, au hupata maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu. Ikizidi, degedege hufuata. Dawa za presha husaidia, na sindano ya magnesiamu salfeti huzuia degedege: utafiti wa Magpie wa 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa inapunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu. Lakini tiba yenyewe ni kuzaa, hata kama mtoto ana wiki 28 tu. WHO inakadiria kuwa akina mama wapatao 46,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya hali hii, pamoja na watoto karibu nusu milioni walio tumboni au wachanga.

Kinachoonekana mwezi wa saba kilianza kuharibika mwezi wa tatu. Katika ujauzito wa kawaida, seli za kondo la nyuma hupenya ukuta wa mji wa mimba na kuibadilisha mishipa midogo ya damu ya mama. Mishipa iliyokuwa myembamba na yenye misuli ya kubana hugeuka mipana na laini, ipitishe damu nyingi bila kishindo. Kwa baadhi ya wanawake kazi hiyo huishia njiani. Mishipa hubaki myembamba, kondo hukosa damu ya kutosha, nalo hutoa kemikali zinazoumiza kuta za mishipa ya mama mwili mzima. Ndipo presha hupanda.

Aspirini inaingia hapo. Chembe sahani za damu hutengeneza thromboksani, kemikali inayobana mishipa na kugandisha damu, ilhali kuta za mishipa hutengeneza prostasiklini, inayofanya kinyume chake. Dozi ndogo ya aspirini huzima kimeng'enya cha thromboksani, na kwa kuwa chembe sahani haina kiini, haiwezi kuunda kingine. Inabaki imezimwa maisha yake yote ya siku 7 hadi 10. Ukuta wa mshipa una viini, hujirekebisha upesi. Mizani inaelemea upande wa damu kupita. Mwingereza John Vane ndiye aliyeonyesha mwaka 1971 jinsi aspirini inavyozuia kemikali za kundi hili, na akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Dawa yenyewe ilikuwa imekaa madukani tangu 1899.

Kwamba ingewafaa wajawazito iligunduliwa kwa kuangalia tu. Mwaka 1979 jarida la Lancet lilichapisha barua fupi ya Crandon na Isherwood: wanawake waliokuwa wakimeza aspirini mara kwa mara wakiwa na mimba, kwa maumivu yao ya kawaida, walipata priklampsia kwa nadra kuliko wenzao. Utafiti mdogo wa Ufaransa wa 1985 ulitia moyo. Kisha ukaja utafiti mkubwa wa CLASP, 1994, wenye wanawake 9,364, na matumaini yakapoa: dozi ya miligramu 60 ilionekana kusaidia kidogo tu, kiasi kwamba huenda ni bahati. Wengi wakaiweka kando.

Ilirudi mezani mwaka 2017 kwa utafiti wa ASPRE, ulioongozwa kutoka London. Watafiti waliwachagua wanawake walio hatarini kati ya wiki ya 11 na 14, wakawapa miligramu 150 kila usiku hadi wiki ya 36. Priklampsia inayolazimisha mtoto kuzaliwa kabla ya wiki 37 ilishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Dozi ilikuwa kubwa kuliko ya CLASP, na ilianza mapema. Ila uchaguzi wao ulitegemea kipimo cha damu cha protini ya kondo na picha maalumu ya mishipa ya mji wa mimba, vitu ambavyo zahanati ya kawaida ya kaunti ya Kiambu haina.

Jibu linalowahusu Wakenya moja kwa moja lilitoka magharibi mwa nchi. Katika kaunti za Busia, Bungoma na Kakamega, watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi walishiriki jaribio la nchi sita, zikiwemo Kongo na Zambia, lililowaandikisha wanawake 11,976 wenye mimba ya kwanza. Hakuna aliyechujwa kwa vipimo vya kukadiria hatari ya priklampsia. Nusu walimeza miligramu 81 za aspirini kuanzia kati ya wiki ya 6 na ya 13, nusu wakameza kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa Januari 2020: watoto waliozaliwa kabla ya wakati walipungua kutoka asilimia 13.1 hadi 11.6, na vifo vya watoto tumboni na siku za kwanza vikapungua pia. Matatizo ya presha kwa jumla hayakupungua waziwazi, lakini akina mama waliozaa kabla ya wiki 34 wakiwa na presha walikuwa wachache sana katika kundi la aspirini, asilimia 0.1 dhidi ya 0.4. Faida si kubwa kwa mtu mmoja mmoja. Kwa nchi nzima, kwa dawa ya bei hiyo, ni kubwa.

Bila mashine, basi, zahanati ya Ruiru, huko Kiambu, hubaki na maswali. Umewahi kupata presha ukiwa na mimba? Una presha ya kudumu, kisukari, ugonjwa wa figo, lupasi? Ni pacha? Hata moja kati ya hayo linatosha mama aanzishiwe aspirini. Mengine huhesabiwa yakiwa mawili au zaidi: mimba ya kwanza, umri wa miaka 35 na kuendelea, unene, mama au dada aliyewahi kuugua hivyo, miaka zaidi ya 10 tangu mimba iliyopita. Ni maswali ya dakika tano, nayo hutegemea kumbukumbu. Mama aliyejifungua kijijini miaka sita iliyopita huenda hajui alikuwa na nini. Anakumbuka miguu ilivimba, akakimbizwa usiku, mtoto akatolewa kabla ya miezi kutimia. Muuguzi mzoefu husikia priklampsia ndani ya maneno hayo. Mwenye foleni ya watu arobaini mlangoni huandika "mimba ya pili" na kuendelea.

Na aliyechelewa? Kwa miaka kadhaa iliaminika kuwa baada ya wiki ya 16 aspirini haina kazi tena. Uchambuzi mpana wa 2017, uliounganisha takwimu za mwanamke mmoja mmoja kutoka tafiti nyingi, haukuona tofauti kubwa kati ya walioanza kabla na baada ya wiki hiyo. Wataalamu bado wanabishana, lakini hoja ya kumnyima dawa mama aliyefika wiki ya 18 ni dhaifu.

Lipo pia suala la duka la dawa. Aspirini ya kazi hii ni ile ndogo ya miligramu 75, kidonge kimoja au viwili kwa siku kama muuguzi atakavyoelekeza. Baadhi ya vidonge vya maumivu ya kichwa vinavyouzwa kwa rejareja vina aspirini mara kadhaa ya hiyo, imechanganywa na dawa nyingine, na mjamzito hapaswi kuvigeuza kinga. Mwenye vidonda vya tumbo, tatizo la kutokwa na damu, au pumu inayochochewa na aspirini anahitaji daktari kwanza.

Serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 Septemba 2023, wakiwa na mikoba yenye mashine za kupima presha. Hao hufika mtaa wa mabanda wa Kiandutu, Thika, na kwenye ghorofa za Githurai kabla ya mjamzito kufika kliniki. Presha iliyopimwa nyumbani katika wiki ya 10 ina thamani ambayo ile ya wiki ya 24 haina, kwani humfichua mwenye presha ya kudumu asiyejijua.

Rahisi kumfikia kuliko wote ni yule aliyekwisha kuugua. Yuko wodini, tuseme katika hospitali ya Thika Level 5, presha imeshuka, anangoja kuruhusiwa. Uwezekano wa kuugua tena katika mimba ijayo ni mkubwa kuliko wa wengine, na hakuna mashine inayohitajika kulijua hilo. Anaweza kuambiwa siku hiyo hiyo kuwa mimba ijayo aje kliniki akikosa hedhi ya kwanza tu, aulize aspirini, na aandikiwe hivyo kwenye kitabu cha mama na mtoto, ambacho atakuwa akikibeba kwa ajili ya chanjo na kupima uzito hadi mtoto afike miaka mitano.