Mngurumo Wenye Bei: Magari ya Fahari Katika Soko la Kisii na Nyamira

Magari madogo ya fahari yenye injini kubwa, yaonekanayo leo katika barabara za Kisii na Nyamira, aghalabu yamekwisha kuishi maisha yao ya kwanza huko Japani kabla ya kushushwa katika bandari ya Mombasa; na kwa hiyo biashara yake katika nchi ya Gusii si ya wakala mwenye duka la vioo, bali ni ya yadi, ya dalali, ya fundi na ya muuza spea. Kazi ya kila siku, ya kubeba abiria na mikungu ya ndizi, imeachiwa Probox, gari lisilo na majivuno, ambalo mara nyingi hujazwa watu kupita idadi iliyoruhusiwa na sheria. Lakini mtu akishapata mali, au akitaka watu wadhani kwamba amepata, hugeuza uso wake kuelekea Crown, Subaru Legacy, Mercedes, na zaidi ya yote Mark X.

Toyota ilianza kuuza Mark X mwezi Novemba 2004, ili lirithi nafasi ya Mark II lililokuwako tangu 1968. Toleo la pili likafuata Oktoba 2009, na Desemba 2019 utengenezaji wake ukakoma. Lilikusudiwa wanunuzi wa Japani, watu wa makamo wapendao ukimya na adabu barabarani, ambao wangestaajabu sana kusikia lilivyogeuzwa tabia lilipofika kwetu. Injini yake ya kawaida ni V6 ya lita 2.5, yenye nguvu zaidi ya farasi 200, na katika toleo la pili ilikuwako pia ya lita 3.5 yenye nguvu za farasi 318. Nazo aghalabu husukuma magurudumu ya nyuma, kama ilivyo desturi ya magari ya kifahari ya Kijerumani. Sababu ya mashine ya namna hiyo kuuzwa kwa bei nafuu inajulikana: kanuni za Japani humlazimu mwenye gari jipya binafsi alipeleke kukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kila ukaguzi una gharama zake, hata wengi huona ni heri kuliuza gari lingali zima kuliko kuendelea kulitunza.

Unafuu huo hukoma forodhani. Tangu Julai 2023 ushuru wa kuingiza gari nchini Kenya ni asilimia 35 ya thamani iliyokubaliwa na forodha. Juu yake huja ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini ya petroli iliyozidi sentimita za ujazo 1,500 bila kupita 3,000 ni asilimia 25. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, ambayo hutozwa juu ya jumla ya hayo yaliyotangulia. Na mwishoni ada ya hati ya uagizaji, asilimia 2.5, pamoja na ile ya maendeleo ya reli, asilimia 2. Mwenye kuzikusanya tozo hizo atakuta kwamba gari lililothaminiwa shilingi milioni moja hudaiwa milioni nyingine kamili, na sehemu ndogo zaidi. Mtaka injini ya lita 3.5 adhabu yake ni kubwa kuliko hapo, kwa kuwa ushuru wa bidhaa humpandia hadi asilimia 35, na jumla ya kodi zote ikapita thamani ya gari lenyewe kwa kiasi cha asilimia 16. Ndiyo maana lita 2.5 zimejaa barabarani, ilhali lita 3.5 husemwa zaidi kuliko zinavyoonekana.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe, nalo ni sauti. Mji wa Kisii umekaa katika mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya bahari, na mwenye kushika njia ya Keroka huzidi kupanda. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini ivutayo pumzi yake bila msaada wa tabo hupoteza karibu sehemu moja katika sita ya nguvu iliyoandikwa katika vitabu vya kiwanda. Kwa hiyo yule V6 mwenye farasi 200 wa Tokyo, akifika Gusii, hubakiwa na farasi kama 170. Naye dereva, asiyezijua hesabu hizo, hukanyaga zaidi, injini ikapanda mizunguko, na mlio ukajibiwa na mabonde. Silinda zake sita hulipuka kwa zamu zilizolingana, moja kila theluthi ya mzunguko wa mtaimbo, na sauti itokayo ni moja, laini, ipandayo bila kukatika. Subaru ni kinyume chake: silinda nne zimelala chini mbili mbili zikielekeana, na katika matoleo mengi ya zamani mabomba yatoayo moshi hayakulingana urefu, hata mapigo yakafika kwenye bomba kuu kwa kupishana, yakafanya ule mdundo mzito utambulikanao kabla gari halijaonekana. Pia Subaru lenye tabo halidhuriki sana na wepesi wa hewa. Na jina lake lilikuwa limekwisha kupata heshima nchini tangu Patrick Njiru aliposhika nafasi ya 4 katika Safari Rally ya 1994, na Colin McRae alipoishinda ile ya 1997.

Kwa kuwa Mark X lilizaliwa kimya, sauti hutafutwa kwa fundi. Gari hupandishwa juu ya mawe au juu ya shimo, fundi akajilaza chali chini yake, akagonga bomba kwa nyundo ili ajue palipooza kutu, kisha akakata kile chungu cha nyuma kipunguzacho kelele, akachomelea bomba lililonyoka badala yake. Mwenye gari husimama kando akiombwa akanyage mafuta kidogo, tena kidogo, mpaka wote wawili waridhike. Kazi yenyewe haina gharama kubwa. Hasara huja kikiondolewa pia kichujio cha moshi, ambacho ndani yake mna platinamu, paladi na rodi, madini ghali kuliko fedha, na ambacho mwenye gari asiyejua huweza kumwachia mwingine kama chuma chakavu. Kanuni za kudhibiti kelele ziko nchini tangu 2009. Lakini sijaona kwamba zimemnyima mtu yeyote usingizi, isipokuwa majirani.

Katika sura mambo ni mepesi zaidi: rimu pana, vioo vyeusi, mdomo wa mbele ulioteremshwa karibu na lami, na rangi nyeupe ya lulu ambayo dalali huitaja kabla ya kutaja injini. Kushusha gari namna hiyo katika nchi ya mvua nyingi, ambako njia ya kutoka barabara kuu hadi boma mara nyingi ni ya udongo mwekundu, ni ujasiri ambao mimi siuelewi.

Wanunuzi ni wafanyabiashara, makandarasi, watumishi wa serikali za kaunti, na walimu wenye mikopo ya vyama vya akiba. Wako pia ndugu walioko ng'ambo, hasa jimbo la Minnesota huko Marekani, ambako Abagusii ni wengi, na fedha zao hujenga nyumba kwanza kisha zikanunua gari la kuegeshwa mbele yake. Chai, ambayo mtu angedhani ndiyo chemchemi ya utajiri wote huu, haiwezi: marupurupu ya mwaka yalipwayo wakulima wa viwanda kama Nyansiongo au Kebirigo aghalabu humaliza karo na madeni ya mbolea.

Lakini chemchemi ya Mark X imo katika kukauka. Kiwango cha Kenya, KS 1515, hakiruhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Nayo magari ya mwisho yalitoka kiwandani mwishoni mwa 2019, basi kuanzia 2027 au karibu nao yaliyomo nchini ndiyo yatakayokuwamo. Kwa kanuni za biashara, yaliyotunzwa yatashika bei na yaliyokatwakatwa yatakuwa duka la spea kwa wenzake. Mrithi anayetazamiwa ni Crown, na Crown nyingi zitakazoshushwa Mombasa ni za mseto, zenye injini ya lita 2.5 ikisaidiwa na mota ya umeme, ziwezazo kuondoka sokoni Keroka bila mtu kugeuza shingo. Wazungu wenye tatizo kama hilo walitafuta dawa ya ajabu, kwani BMW M5 ya 2011 ilipewa sauti ya injini yake kupitia spika za ndani ili dereva asijione mpweke. Fundi wa jua kali hana spika za namna hiyo, na katika gari la mseto atakuta betri ya zaidi ya volti 200, ambayo haikaguliwi kwa nyundo. Mwenye kuwahi kujifunza namna ya kuipima na kuifungua salama ndiye atakayekuwa na wateja.