Mzinga ni wa Nani?

Leo tutaeleza faida na hasara za mchoraji kuwa na gazeti lake mwenyewe.

Mfikirieni mrina asali. Akirina mizinga ya mtu mwingine, hupata ujira tu. Akirina mizinga yake, asali yote ni yake; lakini nyuki wakihama, hasara pia ni yake.

Huko Nairobi, mwaka 1973, mwandishi Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walianzisha gazeti lao la vichekesho na picha, wakaliita Joe. Joe alikuwa mtu wa kawaida wa mjini. Gazeti lilikuwa mali yao, na gharama zilikuwa zao. Mwaka 1975 Ng'weno alianzisha gazeti jingine, The Weekly Review. Mwaka 1979 Joe lilikoma.

Je, gazeti likifa, michoro ni ya nani? Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Humlinda mchoraji maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini akiiuza haki ya kuchapa kwa mkataba, imekwenda.

Basi, usitie sahihi wala dole gumba katika karatasi usiyoisoma.

Swali: Katika kazi yako, mzinga ni wa nani?