Kutoka Mtumbwini hadi Kiwandani: Msingi wa Kuunda Mtaala wa Uzamili wa Menejimenti ya Uendeshaji, Mkolani, Mwanza

Makala haya yanafafanua namna ya kuunda mtaala wa shahada ya uzamili katika menejimenti ya uendeshaji unaowafaa wanafunzi wa Mkolani, jijini Mwanza. Hoja kuu ni kwamba mtaala uanze na kazi atakayoimudu mhitimu, si orodha ya kozi.

Mnyororo wa sangara ni kielelezo. Samaki huvuliwa ziwani, huhifadhiwa kwa barafu, hupokelewa mwaloni, kisha hukatwa minofu viwandani kwa ajili ya kuuzwa nje. Kila saa ya kungoja bila barafu ya kutosha hupunguza ubora ambao kiwanda hakiwezi kuurejesha. Mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu, chanzo kilichohofiwa kilikuwa ziwani, lakini viwanda navyo viliathirika. Kwa hiyo, kozi ya udhibiti wa ubora inayoishia kwenye ukaguzi wa kiwandani haitoshi.

Kutokana na hali hiyo, kozi tatu zifungamane: utabiri wa mahitaji ukadirie barafu, nadharia ya foleni ipime muda wa kungoja mwaloni, udhibiti wa ubora ufuatilie jotoridi la samaki tangu mtumbwini. Katika tasnifu, mtahiniwa atumie takwimu alizokusanya mwenyewe, aeleze uamuzi anaoupendekeza na nani atabeba gharama yake. Swali hilo la mwisho likiachwa, ufanisi wa kiwanda unaweza kupatikana kwa hasara ya mvuvi.