Bei nilishusha, unga ukapungua

Nafundisha hesabu katika shule moja ya sekondari hapa Likasi, na mpaka nilipotimiza miaka arobaini na mbili sikuwa nimewahi kununua hata meka moja ya unga. Nyumbani kwetu soko lilikuwa la mke wangu. Mwaka juzi mama yake aliugua Lubumbashi, naye akaenda kumuuguza. Alitoka nyumbani Jumanne. Ijumaa usiku binti yangu akanionyesha mfuko wa unga: ulikuwa umebaki wa kunyunyizia sahani.

Jumamosi asubuhi nikaenda soko la Kikula.

Kwa msomaji wa mbali, meka ni chombo cha kupimia unga na mahindi. Mwenye uwezo hununua mfuko mzima wa kilo 25, akaupakia kwenye pikipiki na kwenda zake. Sisi wengine hununua kwa meka, leo mbili, keshokutwa tatu, kadiri mfuko wa shati unavyoruhusu. Mizani ya kilo huioni kwa akina mama wa unga. Jicho la muuzaji na la mnunuzi ndiyo mizani.

Nilimwendea mama mmoja mwenye gunia lililojaa, nikauliza, “Mama, meka ni ngapi?” Akataja bei. Nilikuwa nimesikia kwamba sokoni mtu hakubali bei ya kwanza, kwa hiyo nikajikaza. “Mama, unipunguzie. Miye ni mwalimu.” Wenzake wakacheka. Yeye akanitazama viatu, akanitazama uso, akasema, “Haya, papa mwalimu, kwa sababu ni wewe.” Akatoa franka mia tano kwa kila meka. Nikachukua nne. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi, maana nilikuwa nimeokoa franka elfu mbili siku yangu ya kwanza.

Dada yangu mkubwa, ambaye sote twamwita Yaya, anakaa ng’ambo ya uzio. Alipoona nimebeba unga alikuja na meka yake mwenyewe. Akapima. Ya kwanza ikajaa, ya pili ikajaa, ya tatu ikajaa. Ya nne haikufika nusu. Akapangusa mikono kwenye kikwembe chake.

“Umeshusha bei,” akasema, “naye akashusha unga. Hapo nani amempunguzia mwenzake?”

Nilipiga hesabu ubaoni mwa kichwa, kazi ninayolipwa kuifanya. Punguzo langu lilikuwa limenigharimu zaidi ya nusu meka.

Wiki iliyofuata Yaya alinipeleka yeye mwenyewe, kwa sharti moja: nifunge mdomo, nitazame mikono. Nilitazama. Mama wa unga huchota kwa sahani na kumimina ndani ya meka hadi mdomoni. Unga ukifika hapo, anazungusha mkono wake wa kushoto juu ya ukingo, kama mtu anayekumbatia mtoto, mkono ukawa ukuta. Kisha wa kulia unaendelea kumimina, na unga unapanda juu ya ukingo kama kichuguu. Anapouondoa ule mkono, pembeni kunaporomoka kidogo, kidogo kingine kinabaki. Kinachobaki juu ya ukingo ndicho kinachogombewa. Kwa mteja anayemjua, mkono unakumbatia kwa nguvu na kukawia. Kwa papa mwalimu aliyepigania mia tano, mkono hauji kabisa.

Hilo ni la juu. Kuna la chini pia. Kabla ya meka kujazwa, Yaya huingiza mkono ndani na kupapasa kitako. Kuna vyombo ambavyo kitako chake kimesukumwa kikaingia ndani. Kwa nje hukioni. “Hii ina mimba,” husema, akairudisha polepole bila ugomvi, na yule mama hutoa nyingine chini ya meza bila ugomvi vilevile. Halafu kuna kutikisa. Unga uliotoka kinuni sasa hivi, bado una joto, umejaa hewa. Utikise mara mbili uone unavyokaa chini. Muuzaji hapendi kutikisa. Yaya hutikisa mwenyewe, huku akiuliza habari za watoto wa yule mama mmoja mmoja.

Na baada ya yote hayo, bei akaitoa kama ilivyotajwa, bila kupunguziwa hata franka moja. Aliomba kitu kimoja tu, nyongeza: “Mama, matabishi?” Ukaongezwa mkono mmoja wa unga juu ya mfuko. Nyumbani tulipima: ulikuwa umezidi.

Basi nikajiuliza ilikuwaje mimi, mtu wa mji huu, nisijue jambo ambalo binti wa miaka kumi wa jirani analijua. Jibu nililipata kwa baba.

Baba alifanya kazi kiwandani Shituru, nasi tulikua kambini Panda. Wazee wake walikuwa watu wa kampuni ya migodi ya Union Minière, enzi mji ukiitwa Jadotville, jina lililoondolewa 1966 ukawa Likasi. Mwaka 1967 serikali ilichukua migodi, na kampuni baadaye ikawa Gécamines. Majina yalibadilika, posho haikubadilika. Kampuni ilitoa unga, maharagwe, samaki, mafuta, kwa kadiri ya watoto walioandikwa kwenye daftari. Ulikwenda kantini na kikapu, karani akasoma jina, ukapewa fungu lako. Utapatana na nani pale? Kampuni haina mkono wa kukumbatia meka. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kitabu kizima juu ya familia hizi za wafanyakazi, jinsi baba alivyokuwa nguzo ya nyumba kwa sababu kampuni ilikuwa nyuma yake, na jinsi nguzo ilivyotikisika kampuni ilipoanguka.

Ilianguka kweli. Miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka, na kabla ya miaka mitano kwisha shaba iliyotoka haikufika tani 50,000. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa fedha za kuondoka “kwa hiari”, baba akiwa mmoja wao. Fedha zile hazikuona Krismasi ya pili. Mama ndiye aliyetandika gunia barabarani akauza chumvi na ndakala, yaani dagaa, akajifunza soko kwa shida, na alichojifunza akamfundisha Yaya. Mimi nilikuwa mvulana wa kusoma. Hakuna aliyenifundisha, wala sikuomba.

Baba mpaka kufa kwake aliona kupatana bei ni aibu. Alisema mtu wa heshima hulipa kilichoandikwa. Sikumlaumu, lakini bei ya kuandikwa si mila ya dunia nzima tangu Adamu. Hata Ulaya watu walivutana dukani kizazi kwa kizazi. Bei moja kwa wateja wote ilikuja kuzoeleka katika karne ya 19, na duka la Bon Marché la Paris, chini ya Aristide Boucicaut kuanzia 1852, ni kati ya yaliyoieneza.

Nguo na viatu ni mchezo mwingine, na hapo kweli bei ndiyo inayopiganiwa. Kijana wa viatu vya mitumba aliniambia elfu arobaini kwa jozi nyeusi. Nilikuwa nimefundishwa kwanza nizunguke meza tatu nikiuliza tu, bila kushika kiatu, maana ukikishika na kukitia mguuni umeshajiuza. Meza ya pili walisema elfu thelathini, ya tatu elfu thelathini na tano. Nikarudi kwa yule wa kwanza, viatu vyake vilikuwa vizima zaidi. Nikasema elfu ishirini. Akaapa kwa mama yake. Nikasema, “Sawa, mdogo wangu, uza vizuri,” nikaondoka bila kugeuka. Hatua kama kumi hivi. “Mukubwa! Rudi, tusikilizane.” Tulisikilizana kwa elfu ishirini na tano. Kama asingeniita ningekuwa nimekosa viatu, na hilo lazima ulikubali kabla ya kuinua mguu. Anayeondoka kwa maigizo hujulikana kwa mgongo wake.

Neno lingine ni fedha yenyewe, kwa sababu hapa kwetu hata noti hupatanwa. Dola na franka zinatembea pamoja. Noti ya dola yenye mchaniko mdogo tu pembeni, hata iwe ya mia, itarudishwa kama imetoka chooni. Noti ya dola moja wengi hawaitaki. Ukitoa dola kwa kitu cha franka, muuzaji ndiye atakayetaja kiwango cha kubadilisha, na kile ulichookoa kwa maneno kitamezwa hapo. Franka nayo ina mitego yake. Ukimpa mama wa nyanya noti ya elfu ishirini, atakuambia hana chenji, utasubiri juani au utachukua rundo la pili usilolihitaji. Yaya hubadilisha kwanza kwa wabadilishaji, anahesabu mara mbili mbele yao, ndipo anaingia sokoni na noti ndogo zilizokunjwa kila moja mahali pake.

Na zipo siku ambazo ustadi wote huu hauna kazi. Unga wetu mwingi, au mahindi yake, hutoka Zambia. Mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia, bei ilipanda hapa bila mtu kuulizwa. Agosti mwaka huohuo Zambia ilipofunga mpaka wa Kasumbalesa kwa siku chache kwa mzozo wa biashara, kila mama wa unga Kikula alikuwa na neno moja, “Hakuna.” Kwa “hakuna” hakuna cha kupatana. Siku kama hizo nimemwona hata Yaya akilipa na kunyamaza. Siamini wanaosema wauzaji ni wezi wa kuzaliwa. Mama anayenunua gunia kwa mkopo asubuhi naye amepimiwa na mtu mwenye mkono mlegevu.

Mke wangu alirudi mwezi wa tatu. Alikagua mfuko wa unga, akakagua viatu vyangu, akauliza vyote vilikuwa ngapi. Nilipomwambia, akasema viatu nimepigwa elfu tano. Unga hakusema kitu. Tangu hapo Jumamosi ni zamu yangu.

Mama yule aliyeniuzia unga siku ya kwanza bado yupo, safu ya tatu ukiingia. Sasa naanza kwa kumsalimu, naingiza mkono ndani ya meka, na bei siigusi. Nawe ukienda, nenda na noti ndogo.